Andika Majina Nyuma ya Picha

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, bumu lilichelewa. Aliyewahi kulisubiri hapa chuoni hahitaji maelezo. Nilikuwa na mchele wa siku mbili, deni kwa mama ntilie, na aibu ya kuomba tena nyumbani. Kwenye begi langu kulikuwa na bahasha ya kaki yenye makaratasi yangu ya zamani ya mpira, na ndani yake picha moja nyeusi na nyeupe, ukubwa wa nusu daftari. Wanaume 16 mbele ya basi, nusu wamesimama, nusu wamechuchumaa. Nyuma palikuwa na muhuri wa studio uliofifia na maneno mawili ya kalamu ya wino: "Majimaji, safari". Basi. Hakuna tarehe, hakuna jina la mtu hata mmoja.

Kijana mmoja anayenunua vitu vya zamani alisikia habari zake kwa rafiki yangu. Akaja, akaitazama, akasema 25,000. Nikachukua hela. Nililipa deni, nikala siku kama kumi, nikaisahau. Sikuipiga hata picha kwa simu.

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani Ruhuwiko, Songea, upande wa uwanja wa ndege. Pale mtaani habari hazifichiki, na watu walishajua kwamba yule binti anayesoma ualimu anaokota makaratasi ya Majimaji. Jioni moja mzee mmoja wa jirani akaniita barazani kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu kaa. Nasikia unatafuta mambo yetu."

Akanisimulia. Alikuwa golikipa wa akiba. Mechi alizocheza mwenyewe ni chache, lakini safari alisafiri nyingi. Jina lake halikuandikwa gazetini hata siku moja, maana magazeti yakiandika kikosi yanaandika waliocheza, na yeye alikuwa benchi. Picha yake akiwa na timu ilikuwa moja tu, waliyopigwa mbele ya basi siku ya kuondoka. Nakala yake ililiwa na mchwa pamoja na sanduku zima. "Mimi ni yule wa mwisho kulia, nimechuchumaa," akasema. "Nimeshika mpira. Ukiipata utanijua."

Ndugu zangu, nilishamjua. Nilikaa na sura ya yule kijana mwenye mpira kwa karibu mwaka mzima bila kujua kwamba ndiye huyu babu ninayemwamkia kila asubuhi nikienda dukani. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba nimemuuza kwa 25,000. Nikamwambia, "Nitaitafuta, babu." Akafurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Nimeanza na kosa langu ili asije mtu akadhani naandika kama mtaalamu. Ninachotaka kusema ni hiki: kukusanya vitu vya zamani bila kuandika orodha yake sio kuhifadhi, ni kuchelewesha tu kupotea kwake. Karatasi yenyewe ni nusu ya kitu. Nusu nyingine ni maandishi yanayosema hii ni nini, ya lini, ilitoka kwa nani, na hawa ni akina nani. Sisi tulioko chuo kikuu, ambao kazi yetu kila siku ni kuandika, hatuna pa kujificha kama nusu hiyo ya pili itapotea mbele ya macho yetu.

Mkusanyiko wangu ulianzia kwenye kopo la Blue Band. Baba mkubwa alikuwa akisaidia getini uwanjani siku za mechi, na ana tabia ya kutotupa kitu. Mwaka niliomaliza kidato cha nne alinipa lile kopo nisafishe niwekee chumvi. Ndani nikakuta vipande vya tiketi vilivyochanwa, kadi mbili za uanachama, tangazo la mechi lililopigwa chapa kwenye karatasi iliyogeuka njano, na picha tatu. Chumvi ikatafutiwa kopo lingine. Baada ya hapo nikaanza kuuliza kwa mafundi cherehani, vinyozi, na wajane wa wachezaji. Leo daftari langu lina vitu 41, na hakuna hata kimoja nilichowahi kukikuta kimeandikwa mahali pengine popote.

Kwa msomaji ambaye mpira kwake ni Simba na Yanga tu, nieleze kidogo. Majimaji ndiyo timu yetu Songea, Wanalizombe, jina linalotokana na lizombe, ngoma ya Wangoni. Kwenye orodha ya mabingwa wa Muungano utaikuta miaka ya 1985, 1986 na 1998. Timu ya mji ulio mbali na Dar es Salaam, enzi ambazo barabara za kusini ulikuwa ukizisafiri kwa kuomba Mungu, ilichukua ubingwa mara mbili mfululizo. Mimi nimeikuta mwishoni. Ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, na mwaka 2018, nikiwa sekondari, ikashuka pamoja na Njombe Mji. Nakumbuka tulivyotoka Uwanja wa Majimaji kimya kimya, baba akinishika mkono kama mtoto mdogo wakati nilikuwa na miaka kumi na tano.

Sasa jiulize. Wale wa 1985 walikuwa na sura gani? Wakati ule Tanzania Bara hatukuwa na televisheni. Ilikuja miaka ya 1990. Ubingwa wetu watu waliusikia kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, hawakuuona. Hakuna video ya kutafuta YouTube. Kilichobaki ni picha za studio, vipande vya tiketi, na kumbukumbu za wazee ambao kila mwaka wanapungua. Mwaka mmoja tunazika wawili, mwaka mwingine wanne.

Wengi huniambia hii ni hobi ya Wazungu. Na kweli, niliposoma namna wenzetu wa Marekani wanavyokusanya kadi za besiboli, ule mchezo wao wa gongo na mpira, mwanzoni nilicheka. Mwishoni nilinyamaza. Nitawaeleza kwa nini.

Kadi hizo zilianza karne ya 19. Makampuni ya sigara yaliweka kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike, halafu wakaona afadhali wachape juu yake picha ya mchezaji, mteja avutiwe anunue tena. Sisi ambao babu zetu walilima tumbaku ya moshi Songea na Namtumbo tunaweza kuelewa vizuri: ni karatasi ya kufungashia mali, takataka ya kawaida kabisa. Kati ya 1909 na 1911 ulitoka mfululizo wenye kadi zaidi ya 500 tofauti. Moja ya mchezaji aitwaye Honus Wagner ilichapwa chache sana, na mwaka 2022 nakala yake moja iliuzwa dola milioni 7.25. Mwaka huohuo kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952 ikauzwa dola milioni 12.6. Cha kushangaza ni kwamba Sy Berger, aliyeshiriki kuzibuni kadi hizo za 1952, alisimulia kwamba zilizobaki bila kuuzwa walizipakia kwenye boti na kuzimwaga baharini, kwa sababu zilikuwa zinajaza stoo. Kwa hiyo kuchoma na kutupa sio ugonjwa wetu peke yetu.

Lakini aliyeninyamazisha sio tajiri aliyenunua. Ni mtu aliyeandika. Anaitwa Jefferson Burdick, wa mji wa Syracuse, jimbo la New York. Hakuwa tajiri, alikuwa mfanyakazi wa kawaida kiwandani, na ugonjwa wa viungo ulimkunja vidole miaka kwa miaka. Wakati kadi hizo zilionekana ni mchezo wa watoto, yeye alizikusanya, akazipanga, na mwaka 1939 akatoa orodha yake ya kwanza. Katika orodha zake aliupa mfululizo herufi na namba. Ule wa Wagner aliuita T206: T kwa sababu ni wa tumbaku. Mpaka leo dunia nzima inauita hivyohivyo. Kadi zake, na vipande vingine vya karatasi, zaidi ya 300,000, aliitoa bure kwa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, akawa anakwenda mwenyewe kuzibandika kwenye vitabu kwa ile mikono yake mibovu. Kazi hiyo aliimaliza mwanzoni mwa 1963, na miezi michache baadaye akafariki.

Hapo ndipo nilipoelewa neno "adimu". Sisi tunalitumia hovyo. Mtu akiokota karatasi ya zamani anasema, "Hii adimu sana." Umejuaje? Kadi ya Wagner inajulikana kuwa adimu kwa sababu kuna orodha, na watu wamehesabu: nakala zinazojulikana hazifiki hata mia. Bila orodha huwezi kusema adimu, huwezi kusema ya kawaida, huwezi kusema chochote. Ile picha yangu ya basi inawezekana ilikuwa ndiyo pekee duniani. Inawezekana pia zipo nakala ishirini kwenye masanduku ya Mfaranyaki na Lizaboni. Sijui, na yule kijana aliyeinunua hajui. Bei ya 25,000 ilitoka hewani, ikapimwa kwa njaa yangu.

Kuna jambo jingine zito zaidi ya bei. Kwa zaidi ya miaka 60, mpaka 1947, ligi kuu za besiboli Marekani hazikupokea wachezaji weusi. Wao walikuwa na ligi zao, na viwango vyao vilikuwa vya juu, lakini makampuni ya kadi ya kwao yaliwaruka. Josh Gibson, ambaye waliomwona wanasema alikuwa mmoja wa wapigaji hatari kuliko wote, alifariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson hajafungua mlango akiwa na Brooklyn Dodgers. Kati ya kadi chache sana za Gibson, moja ilichapwa kisiwani Puerto Rico, naye akiwa tayari kaburini. Ukizitazama albamu za kadi za Marekani za zama zile, ungeapa kwamba mtu huyu hakuwepo.

Je, aliokolewa na nani? Na watu waliokaa maktaba wakifungua magazeti ya zamani, ukurasa kwa ukurasa, wakinakili matokeo ya mechi moja moja, wakiyaweka kwenye orodha. Ilichukua miaka mingi. Mei 2024 ligi kuu ya Marekani ikaziingiza takwimu hizo kwenye kumbukumbu zake rasmi, na Josh Gibson akawa wa kwanza kwa wastani wa kupiga mpira katika historia yote, 0.372, akampita Ty Cobb aliyekuwa ameshikilia nafasi hiyo kwa miongo mingi. Fikiria: mtu amekufa miaka 77, hajagusa gongo tena, na amepanda mpaka juu kabisa kwa sababu tu kuna watu waliandika.

Sisemi Songea na Marekani ni sawa. Wao walitengwa kwa rangi. Sisi tatizo letu lilikuwa umbali, umaskini wa karatasi, na kamera kukaa Dar. Lakini matokeo yanafanana: aliye mbali na wanaoandika anafutika, hata kama alikuwa bingwa. Na ndani ya hao mabingwa wetu, golikipa wa akiba anafutika mara mbili.

Mji wetu unajua uzito wa majina kuliko miji mingi. Kila tarehe 27 Februari tunakwenda Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji umebeba jina lake. Timu nayo imebeba jina la vita ile. Mji ambao unakumbuka watu wake kwa zaidi ya miaka 100 unashindwaje kuwakumbuka waliocheza miaka arobaini iliyopita, wengine wakiwa bado hai, wameketi barazani wanamenya mihogo?

Najua mtakayosema, maana nimeshaambiwa yote. Nijibu matatu.

La kwanza, la mwenzangu wa chumbani: "Dada, hiyo ni starehe ya wenye hela. Sisi tunatafuta ajira." Sawa. Lakini vitu 41 nilivyonavyo vimenigharimu nauli za bodaboda na daftari moja. Gharama kubwa ilikuwa muda, na muda huo wengi wetu tunautumia kubishana kwenye magrupu ya WhatsApp nani alikuwa bora zamani, bila ushahidi hata wa karatasi moja. Ingekuwa starehe ya wenye hela kama ningekuwa nanunua ili niuze. Kuandika ni bure.

La pili: "Waachie wataalamu. Kuna Makumbusho ya Taifa, kuna Nyaraka za Taifa, kuna maktaba." Naziheshimu. Nimeingia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale wanapohifadhi machapisho ya Afrika Mashariki, na nikatamani kulala humohumo. Lakini mtunza nyaraka hapokei kitu asichokijua kipo. Hawezi kutoka Dodoma kuja kufungua kopo la Blue Band la baba mkubwa. Kitu kinafika kwenye jumba kubwa baada ya mtu mdogo kukiandika kwanza. Burdick alikuwa mtu wa kiwandani kabla ya kuwa jina kwenye jumba la makumbusho.

La tatu ndilo gumu, na alinipa mama yangu: "Una haki gani ya kuchukua vitu vya wazee?" Hapa sina ubishi. Mkusanyaji anaweza kuwa mwizi mwenye tabasamu. Anamfuata mjane, anasifia picha, anaondoka nayo kwa soda moja. Na mimi nilifanya vibaya zaidi, kwa sababu niliuza nilichopewa bure. Tangu siku ya barazani nimejiwekea sheria: sichukui, nanakili. Napiga picha mbele na nyuma, naandika, narudisha mkononi mwa mwenyewe. Kama mtu ananipa kwa hiari, naandika kwenye daftari jina lake na kwamba kinarudi kwake au kwa watoto wake wakikitaka. Orodha haihitaji umiliki. Hilo ndilo lililonifungua macho: unaweza kuwa na mkusanyiko mkubwa kuliko wote Songea na usimiliki hata karatasi moja.

Kwa anayetaka kuanza, nifanyavyo ni hivi, na hakuna siri. Kila kitu nakipa namba, kuanzia MM-01. Naandika ni kitu gani: tiketi, kadi, picha, tangazo, barua. Napima urefu na upana kwa rula, kwa sentimita, maana nakala mbili zinazofanana zinaweza kuwa zimechapwa nyakati tofauti na ukubwa ndio utakaozisema. Nanakili kila neno lililo mbele na nyuma kama lilivyo, hata lililokosewa, hata muhuri uliofutika nusu. Muhuri wa studio ni muhimu sana, kwa sababu ukijua studio ilifungwa lini umeshapata mwaka wa mwisho unaowezekana. Naandika nimekipata kwa nani, wapi, tarehe gani. Halafu naandika nani kasema nini. Sio "huyu ni fulani", bali "mzee fulani, tarehe fulani, amesema huyu ni fulani". Wazee wanasahau na wanabishana, na ubishi wenyewe ni ushahidi. Siku moja niliwaweka wawili mbele ya picha moja. Walibishana dakika ishirini juu ya mtu mmoja, na katika kubishana wakanipa majina ya wengine wanne niliokuwa siwajui.

Mambo ya kuepuka: usibandike gundi wala selotepu, usipeleke laminesheni, usiandike kwa kalamu ya wino juu ya picha. Ukilazimika kuandika nyuma, tumia penseli laini na usikandamize. Weka kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa plastiki unaotunza unyevu, na weka mbali na jua na mbali na sakafu. Mchwa wa Ruvuma hawana itikadi. Wanakula Simba, Yanga na Majimaji sawasawa. Ukipiga picha kwa simu, piga kivulini, simu ikiwa imelala sawa na karatasi, na usiiache kwenye simu peke yake. Simu inaibiwa, daftari la kurasa mia halina mwizi.

Sasa nizungumze na wenzangu wa ualimu. Tunakwenda BTP, tunafundisha mada za mbali kwa mifano ya mbali, halafu tunalalamika wanafunzi wanasinzia. Mwaka jana darasa langu la kidato cha pili niliwapa kazi moja: kila mmoja alete kutoka nyumbani habari za karatasi moja yenye umri kuliko yeye, aiandike kwa namba, ukubwa, maandishi, mwenye nayo, na asemacho mwenye nayo. Karatasi yenyewe ibaki nyumbani. Zililetwa habari za vyeti vya ubatizo, risiti za chama cha ushirika, kadi za kliniki, picha za kwaya, barua ya posa. Binti mmoja ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono alisimama akasoma habari ya kadi ya timu ya babu yake, na darasa lilimpigia makofi. Kwa saa moja waliijua kazi ya mwanahistoria kwa mikono yao. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linatuomba kitu kama hiki. Tusisubiri kitabu kije.

Na kwa serikali yetu ya wanafunzi, nina ombi dogo kuliko yote mtakayopokea mwaka huu. Sihitaji bajeti. Nahitaji rafu moja na daftari moja kubwa pale ofisini. Kila anayekwenda likizo aandike kitu kimoja cha timu, ngoma, kwaya au shule ya kwao, ukurasa mmoja, akirudi aubandue na kuufungia humo. Tunatoka mikoa yote. Hebu fikiria daftari hilo baada ya miaka mitano: Pamba ya Mwanza, Tukuyu Stars ya Mbeya, Coastal Union ya Tanga, na timu ambazo hata majina yake hatuyajui kwa sababu hakuna aliyeandika. Huo ndio utakuwa mwanzo wa katalogi, na itakuwa imetengenezwa na watoto wa watu walioishi mambo hayo.

Kuhusu babu wa barazani, mwezi wa saba nilirudi nikamwambia ukweli. Nilidhani atafoka. Alikaa kimya, akauliza, "Uliuza shilingi ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Enzi zetu ungetupata timu nzima kwa hiyo." Tukacheka, lakini macho yake hayakucheka. Kisha nikamwomba anitajie, kwa kumbukumbu tu, nani alisimama wapi mbele ya lile basi. Alianza kutoka kushoto, akifumba macho. Alipata 11. Watano hawakumjia. Nimewaandika wale 11, pamoja na tarehe aliyonitajia na jina lake yeye, wa mwisho kulia, amechuchumaa, ameshika mpira.

Kwenye daftari langu picha hiyo ina namba MM-17. Sehemu ya "kipo wapi" nimeandika: haipo, iliuzwa na mimi. Sijaifuta na sitaifuta, kwa sababu orodha isiyoonyesha kilichopotea ni ya uongo.

Kama wewe uliyeinunua, au uliyeinunua kwake, unasoma gazeti hili, sikuombi uirudishe; ulilipa. Naomba kitu kimoja. Ipige picha mbele na nyuma, uilete kwenye ofisi ya gazeti, hata bila jina lako. Babu ana miaka 74. Niko tayari kuipeleka Ruhuwiko kwa basi la usiku huohuo nikaimsomee majina, naye anitafutie yale matano.

Na wewe mwingine, kabla ya likizo kuisha, fungua sanduku la nyumbani kwenu. Toa picha moja. Muulize mwenye kujua. Chukua penseli.